Pima Chakula Chako Kama Upimavyo Mbolea



Ukitaka kujua kama mbolea fulani yafaa shambani mwako, huchanganyi mbolea tatu, mbegu mbili na dawa ya wadudu ukavitia vyote siku moja. Ukifanya hivyo na mahindi yakastawi, hutajua ni kipi kilichoyastawisha. Yakiharibika, hutajua ni kipi kilichoyaharibu. Mwenye akili hutenga mistari. Mstari huu hupata samadi, ule hupata mbolea ya dukani, na wa tatu haupati kitu. Mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile, na palizi ni ile ile. Siku ya kuvuna hupima. Hiyo ndiyo kazi ya majaribio yanayofanywa katika vituo vya utafiti kama kile cha Matuga, na mkulima hodari hujaribu vivyo hivyo katika pembe ya shamba lake.

Leo nataka tuitazame sahani kwa jicho hilo hilo. Maana watu wetu wa pwani ya kusini, awe Mdigo, Mduruma au Mkamba wa Shimba Hills, wanajua sana kupima shamba, lakini chakula hula bila kukipima. Wakati huo huo maradhi ya sukari na ya moyo yamekuwa jambo la kawaida vijijini. Zamani tuliyaita maradhi ya matajiri wa mjini. Sasa yanabisha hodi katika nyumba za makuti.

Tumtazame mkulima mmoja. Jina lake tusilitaje, maana ni wengi walio kama yeye. Asubuhi hunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na kula mahamri manne. Mchana hula sima kubwa na mboga kidogo ya kusukumia. Jioni hula wali wa nazi, na akipata wageni hununua soda. Yeye mwenyewe husema, "Mimi nala vizuri, nashiba mara tatu." Kushiba ameshiba. Lakini ukimchunguza utaona kwamba mara zote tatu amekula kitu kimoja, nacho ni wanga, na juu ya wanga ameongeza mafuta. Kunde zake amezipeleka sokoni. Korosho zake ameziuza. Kuku wake wanangoja sikukuu.

Mtu huyu siku moja hupata kidonda kidogo cha mguu. Kidonda hakiponi. Anapofika hospitali huambiwa sukari imekaa mwilini miaka mingi bila yeye kujua. Mguu ukikatwa, nani atapanda mnazi? Nani atalima ekari zile alizopewa? Ndiyo maana nasema jambo hili ni la ukulima, si la daktari peke yake.

Kila chakula na kazi yake

Tangu zamani tumefundishwa kwamba kuna chakula cha kutia nguvu, chakula cha kujenga mwili na chakula cha kulinda mwili. Mafundisho hayo bado ni ya kweli. Tuyaongeze kidogo tu. Vitu vitatu vikubwa vinavyotupa nguvu ni wanga, protini na mafuta. Wanga uko katika mahindi, muhogo, mchele, viazi na ndizi, na sukari ni ndugu yake. Protini iko katika kunde, pojo, mbaazi, samaki, mayai, nyama na maziwa. Mafuta yako katika nazi, korosho, simsim na yale ya chupa. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, yaani zaidi ya mara mbili.

Wataalamu walitaka kujua kila kimoja hufanya nini ndani ya damu. Wakafanya kama mkulima na mistari yake. Mwaka 1981 huko Toronto, nchini Kanada, mtaalamu David Jenkins na wenzake walitoa matokeo ya kupima vyakula 62. Toronto ndio mji ule ule ambako mwaka 1921 iligunduliwa insulini, dawa ya kuwaokoa wagonjwa wa sukari. Watu wenye afya walilala bila kula. Asubuhi wakapewa chakula kimoja tu, kwa kipimo chenye gramu 50 za wanga, kisha damu yao ikapimwa mara kwa mara kwa muda wa saa mbili. Siku nyingine wakapewa chakula kingine, kwa kipimo kile kile cha wanga.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Wanga ulikuwa sawa kwa uzito, lakini damu haikuuona kuwa sawa. Mkate, wali na viazi viliipandisha sukari upesi. Maharagwe, dengu na jamaa zao waliipandisha polepole, wala haikufika juu sana. Sababu yake si ngumu. Wanga wa kunde umefungwa pamoja na nyuzinyuzi na protini, na tumbo huchukua muda kuufungua. Wanga wa unga uliosagwa laini na kukobolewa hauna kizuizi. Ni kama maji ya mvua: yakishuka kwenye mlima ulio wazi hutimka mbio na kuchukua udongo, lakini yakikuta matuta na majani hunywewa taratibu.

Sukari ikipanda katika damu, kongosho hutoa insulini ili kuifungulia mlango iingie mwilini. Siku moja au mbili hapana neno. Lakini mtu akila wanga mwingi kila siku kupita kazi aifanyayo, akanenepa tumbo, insulini yake hupungua nguvu. Kongosho hufanya kazi kupita kiasi, kisha huchoka. Sukari isiyo na pa kwenda hubaki katika damu na kuharibu macho, figo, mishipa na miguu. Nayo sukari ya ziada ini huigeuza kuwa mafuta na kuyapeleka katika damu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kwa kuwa hali mafuta, damu yake haina mafuta.

Protini ikiliwa peke yake huipandisha sukari kidogo sana. Mafuta nayo hayaipandishi mara moja, bali huchelewesha chakula tumboni. Ukisikia hivyo waweza kusema, "Basi dawa ni mafuta!" Ngoja kwanza. Huo ulikuwa mstari wa sukari. Kuna mstari wa pili, nao ni wa kolesteroli.

Habari ya nazi

Kolesteroli ni kitu kama nta. Ini hukitengeneza, na mwili hukihitaji. Lakini ile iitwayo kolesteroli mbaya ikizidi, huganda katika kuta za mishipa na kuziba njia ya damu. Katika miaka ya 1950 na 1960, Ancel Keys na wenzake wa Minnesota, nchini Marekani, waliwalisha wanaume vyakula vilivyopimwa, wakibadilisha mafuta tu. Waliona kwamba mafuta yenye kuganda, kama siagi, huipandisha kolesteroli, na mafuta mengi ya mbegu huishusha. Na nguvu ya yale ya kupandisha ni kama mara mbili ya nguvu ya yale ya kushusha. Kolesteroli iliyomo katika chakula chenyewe, kama katika yai, ina nguvu ndogo kuliko mafuta hayo. Kwa hiyo yai si adui mkubwa kama watu wengi walivyoogopeshwa.

Sasa nitasema neno ambalo halitapendeza huku kwetu. Katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, gramu 80 na zaidi ni ya namna ile ya kuganda. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya majaribio 16 yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta mengine. Yakilinganishwa na mafuta ya mimea isiyo ya nchi za joto, mafuta ya nazi yaliipandisha kolesteroli mbaya, na ile njema pia yaliipandisha, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Basi wale wanaouza mafuta ya nazi katika chupa ndogo kwa bei kubwa, wakisema kwamba ni dawa ya moyo, wanauza maneno.

Najua utakavyojibu. Utasema, "Babu zetu walikula nazi tangu kuzaliwa, wakapanda minazi wakiwa na miaka sabini. Mbona hawakuugua?" Swali hilo ni zuri, na limechunguzwa. Katika Bahari ya Pasifiki viko visiwa vya Tokelau. Wachunguzi walioandika mwaka 1981 waliona kwamba watu wa huko walipata asilimia 63 ya nguvu zao katika nazi. Kolesteroli yao ilikuwa juu kuliko ya watu wa Pukapuka, kisiwa kingine ambako nazi ililiwa kwa kiasi cha chini zaidi. Lakini maradhi ya moyo yalikuwa machache katika visiwa vyote viwili. Watu hao walikula samaki, sukari kidogo sana, na kazi yao ilikuwa ya mikono na ya kasia. Wenzao waliohamia New Zealand walinenepa, na maradhi ya sukari yakaongezeka kati yao.

Karibu zaidi nasi, mwaka 1964 George Mann na wenzake waliandika habari za Wamaasai wa Tanganyika waliokula maziwa na nyama. Waliwakuta na kolesteroli ya chini, na maradhi ya moyo yalikuwa haba. Baadaye, mwaka 1972, ilielezwa kwamba mioyo ya Wamaasai 50 waliokufa ilichunguzwa, na mishipa ilikutwa na mafuta yaliyoganda, lakini ilikuwa mipana, damu ikapita. Watu hao walitembea mwendo mrefu kila siku ya maisha yao.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, jaribio la chakula kimoja lasema kweli: nazi huipandisha kolesteroli, Tokelau na hapa pia. Pili, mtu haishi kwa chakula kimoja. Babu alikula nazi, lakini alikula pamoja na samaki, kunde na mchunga, hakunywa soda, na alitembea toka Lukore mpaka pwani kwa miguu. Sisi tumeichukua nazi yake, tukaacha mwendo wake na kunde zake, kisha tukaongeza sukari, mahamri na bodaboda. Tusimsingizie babu.

Ndugu zetu wa ziwani

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Tanzania. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uitwao wa Lugalawa. Wachunguzi waliwapima zaidi ya watu elfu moja wa asili moja. Wengine waliishi kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku. Wengine waliishi milimani na kula nafaka na mboga, bila samaki. Hao wa ziwani walikutwa na kolesteroli ya chini kuliko wa milimani, mafuta ya chini zaidi katika damu, na shinikizo la damu la chini pia.

Haya, mkulima wa Diani au wa Msambweni, wewe unayo bahari mlangoni. Vibua na dagaa, samaki wa bei ya chini, ndio wenye mafuta mema hayo. Lakini wengi wetu huona aibu kumpikia mgeni dagaa, tukaona fahari kumpa soda. Fahari hiyo ni ya gharama.

Shamba ndilo linalopanga sahani

Sasa nifikie shauri langu hasa. Nasema kwamba kosa letu halianzi jikoni, bali shambani. Tulipopewa ardhi katika miradi ya makazi, tangu ule wa Shimba Hills ulioanza miaka ya 1950, mazungumzo yamekuwa ya mazao ya kuuza: nazi, korosho, bixa, machungwa na miwa. Kiwanda cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, familia nyingi zilijua uchungu wa kutegemea zao moja. Miwa imerudi Msambweni, nami siipingi. Mkulima anahitaji fedha za karo na za mabati. Lakini fedha ile huenda wapi? Mara nyingi hurudi dukani kununua unga uliokobolewa, sukari na mafuta ya kupikia. Tunauza protini kwa bei ya mavuno, tunanunua wanga kwa bei ya njaa.

Tazama hesabu hii. Gramu 100 za kunde kavu zina protini gramu 20 na zaidi. Gramu 100 za unga wa muhogo hazifikishi gramu 3. Muhogo ni rafiki mwaminifu wakati wa ukame, hapana abishaye. Lakini nyumba inayokula muhogo na kuuza kunde zote ni kama mtu anayeuza jembe anunue mpini.

Neno langu kwa mabwana shamba na mabibi shamba ni hili: msihesabu magunia tu. Mnapokuja kutuonyesha shamba la mfano, njoni na mhudumu wa afya mtuonyeshe na chungu cha mfano. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vyombo vya kupimia sukari na shinikizo la damu. Vyombo hivyo visikae katika mikoba. Vije kwenye baraza, kwenye mnada na kwenye mikutano ya vyama vya ushirika.

Ya kufanya tangu leo

Shauri la kwanza: panda mikunde kati ya minazi na mihogo. Kunde, pojo na mbaazi hurutubisha udongo wako na hujenga mwili wako. Kabla ya kuuza, tenga ya kula mpaka msimu ujao. Gunia la kwanza liwe la nyumbani.

La pili: usiikate nazi, ipunguze. Karibu theluthi ya nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta, na mengi yake hutoka katika tui la kwanza. Kama mama nyumbani alizoea nazi mbili, atie moja. Tui la kwanza liwe la siku maalumu, na la pili litoshe siku nyingine. Wali wa nazi usiwe wa kila jioni. Wala usidhani mafuta ya dukani yana nafuu siku zote. Mengi ya bei nafuu ni ya mawese, na karibu nusu ya hayo nayo ni ya kuganda.

La tatu: igawe sahani. Nusu iwe mboga, kama mchicha, mchunga au kisamvu. Robo iwe kunde au samaki. Robo iliyobaki iwe sima, wali au muhogo. Mahamri na mbaazi si chakula kibaya, ikiwa mbaazi ni nyingi na hamri ni moja. Watu wetu hufanya kinyume chake.

La nne: punguza sukari ya kunywa. Soda moja ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, nayo huingia katika damu bila kizuizi chochote. Maji hayana deni.

La tano: nenda ukapimwe. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya wazima 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari. Tone moja la damu ya kidole latosha kuanza. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine na kikabaki vile vile, daktari atasema una maradhi ya sukari. Kolesteroli haina maumivu wala dalili, kwa hiyo iulizie katika hospitali kama ile ya Msambweni. Kama una kiu isiyokwisha, wakojoa mara kwa mara, wakonda bila sababu au una kidonda kisichopona, usingoje mwisho wa mavuno.

Nikuonye pia. Kama tayari unatumia dawa ya sukari, usiache wanga ghafla wala usiache dawa kwa sababu umesoma gazeti. Sukari ikishuka mno huangusha mtu na huweza kumuua. Na mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee protini kabla ya kumwuliza daktari. Mbolea njema huunguza mmea ikitiwa bila kipimo.

Mwisho, jaribu mwenyewe, kwa ruhusa ya mhudumu wako wa afya. Pima asubuhi kabla ya kula. Kula chakula chako cha kawaida, kisha pima tena baada ya saa mbili. Siku nyingine kula sima ndogo na kunde nyingi, upime vile vile. Andika namba katika daftari lile lile uandikamo magunia. Hutahitaji mimi wala mwingine kukuambia kitu. Utaona mwenyewe mstari upi umestawi, na utajua msimu ujao upande nini.